UZI: Lost, kile kindege cha Nigeria, na mlango ambao wengi tuliupita bila kuuona

Wakuu, habari za usiku.

Tahadhari kabla ya yote: humu naisimulia tamthilia ya Lost mpaka dakika ya mwisho. Kama hujaitazama na una mpango wa kuitazama, funga huu uzi sasa hivi, kaitazame, halafu urudi. Utaukuta.

Juzi nimeimaliza kwa mara ya nne, sizoni zote sita, episodi 121. Mara hii sikukaa kama mtu anayefuata hadithi. Nilikaa na daftari, na kila ilipotajwa au kuonyeshwa sehemu yoyote ya Afrika nikawa naandika. Nilidhani nitapata mistari mitatu au minne. Nimejaza kurasa sita, na wiki nzima nimekuwa nikilala nikiamka na jambo lile lile kichwani. Ndiyo maana nalileta jamvini, tulichambue pamoja.

Wa zamani mnakumbuka picha linavyoanza. Jicho la Jack, mhusika mkuu, linafunguka katikati ya mianzi. Mbwa wa rangi ya mchanga anapita. Jack anainuka, suti imechanika, anakimbia mpaka ufukweni, na pale ndipo tunapoona ndege ya Oceanic 815 imetapakaa mchangani, injini moja bado inanguruma na watu wanalia kila upande. Ilikuwa inatoka Sydney kwenda Los Angeles. Ndani ya hadithi siku hiyo ni 22 Septemba 2004, na ndiyo siku hiyo hiyo kituo cha ABC kilirusha episodi ya kwanza kule Marekani.

Sisi tuliipata baadaye, kwa DVD za kuchoma, sizoni nzima kwenye diski moja. Picha ilikuwa imebanwa kiasi kwamba usiku ukiingia kisiwani nyuso za watu zinakatika vipande. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunatazama sebuleni baada ya mama kulala, sauti tumeishusha mpaka tunasogelea kioo. Mlango wa chuma unagunduliwa ardhini, kaka ananishika mkono. Moshi mweusi unang'oa miti, tunatazamana. Tulikuwa tumezoea picha ambazo steringi hafi na adui unamjua toka dakika ya tano. Hii ilikuwa ya kwanza kutuacha na maswali ya kulala nayo, na ya kwanza kutufanya tubishane asubuhi tukipiga mswaki.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Swali langu la miaka yote ni hili: kile kindege kidogo kilifikaje pale?

Mnakikumbuka. Sizoni ya kwanza Locke na Boone, manusura wawili wa ajali, wanakikuta kimening'inia juu ya miti ukingoni mwa mwamba. Boone anapanda, kinaanguka naye, na majeraha yale ndiyo yanamuua. Ndani mna sanamu za Bikira Maria zimejazwa heroini. Sizoni ya pili ndipo tunajua ni cha nani. Eko, Mnigeria, alikuwa jambazi mkubwa wa dawa, na mdogo wake Yemi alikuwa padri. Eko alipanga kuzitoa dawa Nigeria akiwa amevaa upadri. Pale kwenye uwanja wa ndege Yemi anatokea kumzuia, wanajeshi wanafyatua risasi, Yemi anapigwa, anapakiwa ndani, na Eko anapigwa teke na mwenzake mwenyewe, anabaki ardhini. Kindege kinapaa. Miaka inapita, Eko naye anaanguka na Oceanic 815 kwenye kisiwa kile kile, na anamkuta mdogo wake mifupa mitupu ndani ya kile kindege, msalaba bado shingoni.

Wakuu, kaeni na hilo kidogo. Kindege cha injini mbili, cha aina ya Beechcraft, kimetoka Nigeria. Kisiwa kinasemekana kiko Pasifiki ya kusini. Chukueni ramani ya dunia muweke vidole viwili. Hakuna tangi la mafuta la kindege kile linaloweza kuvuka nusu ya dunia. Watu wengi waliishia kusema ni bahati, ni uchawi wa kisiwa, ni waandishi. Mimi nasema jibu walitupa, ila walilitupa vipande vipande katika sizoni tatu tofauti, na vingi vimedondoshwa Afrika.

Kipande cha kwanza ni Tunisia. Sizoni ya nne, Charlotte anafika jangwani Tunisia kwenye machimbo na anakuta mifupa ya dubu mweupe. Dubu wa barafu, Sahara! Akifukua anakuta mkanda wa shingoni una alama ya Dharma, kundi la watafiti lililowahi kuishi kisiwani, kituo chao cha Hydra. Halafu katika sizoni hiyo hiyo Ben, kiongozi wa watu waliokuwa kisiwani kabla ya ajali, anaonekana amelala chali kwenye mchanga wa jangwa, kavaa koti zito la baridi, mkono unavuja damu. Anaingia hoteli moja mji wa Tozeur na anamuuliza mhudumu tarehe ya leo na mwaka. Baadaye ndipo tunaoneshwa kwamba alitoka kuzungusha lile gurudumu lililoganda kwa barafu chini ya kituo cha Orchid. Kisiwa kikahama, yeye akatemwa Tunisia. Locke naye alipolizungusha alitemewa pale pale, na safari hiyo Widmore, tajiri anayekisaka kisiwa, alikuwa ameshafunga kamera jangwani akisubiri, kwa sababu alijua pale ndipo pa kutokea.

Kwa hiyo anayezungusha gurudumu anatokea sehemu moja, na iko Afrika. Hilo si nadharia yangu, limo ndani ya tamthilia wazi kabisa.

Kipande cha pili ni mama mmoja mzee, Eloise Hawking. Sizoni ya tano, chini ya kanisa Los Angeles, anawaonesha kina Jack kituo kiitwacho Lamp Post. Kuna pendula kubwa inayumba juu ya ramani ya dunia iliyochorwa sakafuni. Anawaeleza kwamba waliojenga kituo walikuwa wanakitafuta kisiwa bila mafanikio, mpaka mtu mmoja akaacha kuuliza kisiwa kiko wapi na akaanza kuuliza kitakuwa wapi. Kisiwa kinatembea muda wote. Madirisha ya kukiingia yanafunguka na kufunga sehemu tofauti tofauti.

Mimi kalamu ilinidondoka hapo.

Kwa sababu kama kisiwa kinatembea, basi siku ile kindege cha Nigeria kinapaa, hakuna ulazima kisiwa kiwe Pasifiki. Dirisha linaweza kuwa lilifunguka jirani kabisa, pengine Ghuba ya Guinea, pengine juu ya Sahara yenyewe. Kindege hakikuvuka bahari mbili. Kiliruka muda mfupi tu, kikaingia dirishani, na kisiwa kikaondoka nacho kikiwa tumboni. Hivyo ndivyo kilivyofika na mafuta yake kidogo.

Na ukishakubali hilo, vitu vingine vinaanza kujipanga vyenyewe. Kile kitabu cha kumbukumbu za meli ya Black Rock, ile iliyokutwa porini kisiwani, ambacho Widmore alikigombea kwenye mnada London kwa fedha nyingi, kilipatikana wapi? Madagaska, kisiwa cha Sainte-Marie, kwenye mali za maharamia. Pwani ya Afrika mashariki hapa hapa! Meli iliondoka Portsmouth mwaka 1845 kwenda Siam, na wakati ule, kabla ya mfereji wa Suez, meli ya Uingereza inayokwenda Siam ilikuwa inaizunguka Afrika yote. Halafu Ricardo, yule ambaye hazeeki, alipakiwa kwenye meli hiyo hiyo kama mtumwa akitokea Tenerife, na Tenerife ipo nje kidogo ya pwani ya Moroko. Tatizo la miaka nalijua: Ricardo anapakiwa 1867 wakati kitabu kinasema meli ilishapotea muda mrefu. Hapo sitetei, naona waandishi waliteleza. Ila sehemu zenyewe, Madagaska na Tenerife, zinabaki palepale.

Na lile sanamu la vidole vinne? Ni Taweret, mungu wa kike wa Misri ya kale mwenye kichwa cha kiboko, mlinzi wa wajawazito. Limesimama kwenye kisiwa ambacho wanawake wanaoshika mimba humo humo wanakufa kabla ya kujifungua. Kuna watu wa Misri walifika, wakajenga, wakachora maandishi yao hekaluni na chini ya ardhi. Walipitia wapi kama si dirisha lililofunguka upande wao?

Nigeria, Tunisia, Madagaska, Tenerife, Misri. Hii sehemu ya dunia haikutajwa kwa bahati mbaya.

Nitaendelea kesho, umeme hauaminiki. Karibuni kwa michango.

*

Nimerudi. Sikutegemea uzi ungefika hapa kwa usiku mmoja, asanteni sana. Nijibu kabla ya kuendelea.

Mdau wa kwanza kabisa: "Mkuu si wote walikufa toka siku ya kwanza? Mwisho wanakutana kanisani, si ndio kiama hicho."

Hapana mkuu, na hili linaniuma kwa sababu watu wengi wameiacha Lost kwa kosa hili moja. Hawakufa kwenye ajali. Yote uliyoyaona kisiwani yalitokea kweli. Kilichokuwa baada ya kifo ni ule upande wa sizoni ya sita tu, ule ambao ndege haikuanguka, Jack ana mtoto wa kiume na Locke ni mwalimu. Pale kanisani babake Jack anamwambia wazi kwamba kila kitu kilichompata ni cha kweli, na kwamba waliomo humo kila mmoja alikufa kwa wakati wake, wengine kabla ya Jack na wengine muda mrefu baada yake. Hurley alibaki kulinda kisiwa na Ben akawa msaidizi wake. Kate, Sawyer na Claire waliondoka na ndege wakaishi maisha yao. Walikusanyika pale kwa sababu siku zile za kisiwani ndizo zilizokuwa za maana kuliko zote kwao.

Mkanganyiko ulizidishwa na zile picha za mabaki ya ndege ufukweni wakati majina yanapita mwishoni, bila mtu hata mmoja. Watu wakasema ahaa, hakuna aliyepona. Zile picha ziliwekwa na ABC wenyewe ili mtazamaji apumue kabla ya taarifa ya habari. Si sehemu ya hadithi. Wamewaharibia watu wengi sana mwisho mzuri.

Mdau mwingine: "Gurudumu lilizungushwa na dubu? Dharma si waliuawa wote na kina Ben miaka mingi nyuma, sasa dubu nani alimpeleka siku ya kindege?"

Swali zuri, na nimelifikiria. Dubu simtumii kueleza kindege. Dubu namtumia kuthibitisha njia. Kwenye kile kipande cha dakika kama 12 kilichotoka kwenye DVD za 2010 baada ya mwisho, Ben anaonesha filamu ya zamani ya kituo cha Hydra, na humo dubu weupe wanahusishwa na utafiti wa kituo cha Orchid, kwenye ile baridi. Yaani Dharma walikuwa wanamtuma mnyama azungushe gurudumu ili mtu asitupwe jangwani. Mmoja alitupwa, na mifupa yake ndiyo aliyoikuta Charlotte. Kindege ni habari ya madirisha ya mama Hawking, na madirisha hayahitaji dubu wala mtu.

Namba: mtanisamehe, sina jipya la kuongeza. 4, 8, 15, 16, 23, 42 ni wale waliochaguliwa na Jacob, mlinzi wa kisiwa wa siku nyingi: Locke, Hurley, Sawyer, Sayid, Jack, na Kwon. Jumla yake 108, na kitufe kilikuwa kinabonyezwa kila dakika 108. Uzi wa namba ni uzi wake peke yake.

Dada yangu aliyeandika kwa kirefu, amesema hivi, nafupisha: waandishi walikuwa wanabuni huku wanakwenda, hivyo kutafuta mpango ni kujichosha.

Dada, una haki kwa sehemu, na sitaki nikupinge ili tu nionekane nimeshinda. Sizoni za mwanzo hawakujua wataendelea miaka mingapi. Ndiyo maana sizoni ya tatu kina Jack wanakaa kwenye vizimba mpaka unachoka. Mwaka 2007 ABC ilikubaliana na waandishi wakuu, Damon Lindelof na Carlton Cuse, kwamba tamthilia itaisha 2010, na kuanzia hapo unaona kabisa mwendo umebadilika, hata sizoni ya nne ilipokatwa na mgomo wa waandishi ikabaki episodi 14. Kwa hiyo ndiyo, kuna vitu viliachwa njiani. Walt aliachwa njiani, na mimi sijawasamehe kwa Walt. Mtoto aliyeonekana ana kipaji cha ajabu, amechukuliwa usiku baharini mbele ya macho ya babake, halafu anaishia kuwa mtu wa kutembelewa tu.

Ila nadharia yangu haihitaji kwamba walipanga toka siku ya kwanza. Nasema kilichobaki kwenye kioo ndicho tulichonacho, na kilichobaki kinashikana. Mshona viraka anaweza kuanza bila kujua shuka litakuwaje, lakini ukilitandika unaona ni shuka.

Sasa sehemu ya pili, na hii ndiyo nzito kwangu.

Gurudumu nani alianza kulijenga? Ni yule Mtu wa Nguo Nyeusi, pacha wa Jacob, kabla hajageuka moshi. Mama yao halisi, Claudia, alifika kisiwani akiwa na mimba baada ya meli yake kuzama. Anapokutana na yule mwanamke wa kisiwani, anazungumza Kilatini. Anajifungua mapacha, na yule mwanamke anamponda kwa jiwe, anawachukua watoto, anawalea akiwaambia ng'ambo ya bahari hakuna kitu. Jacob anaamini. Mwenzake haamini. Akiwa na miaka 13 anatokewa na mzimu wa Claudia, anaambiwa kwamba wao wametoka ng'ambo ya bahari. Tangu siku hiyo maisha yake yote ni jambo moja tu: anataka kwenda kwao.

Anahamia kwa wale watu wengine, miaka 30 wanachimba visima kila mahali ambapo chuma kinatenda ajabu, mpaka anaifikia Nuru, ule mwanga wa ajabu ulio moyoni mwa kisiwa, kwa chini. Anatengeneza gurudumu. Anamwambia yule mama aliyemlea kwamba akilizungusha ataondoka.

Wakuu, gurudumu linakutema Tunisia.

Wasema Kilatini walioishi eneo ambalo leo ni Tunisia walikuwa nani? Ni Warumi wa jimbo lililoitwa Africa, lile lile lililokuja kulipa bara letu zima jina. Karthago, mji wao mkuu kule, ulikuwa bandari kubwa, meli zinaingia na kutoka usiku na mchana. Mimi naamini meli ya Claudia ilikuwa ya huko. Naamini dirisha lilifunguka Bahari ya Kati, likaimeza, kama kile kindege kilivyomezwa karne nyingi baadaye. Na yule kijana, bila kujua jiografia yoyote, bila kuona ramani hata siku moja, alichimba njia ambayo ingemfikisha kwao kabisa. Si popote ng'ambo ya bahari. Kwao.

Siku ile yule mama akamgonga kichwa ukutani, akafukia kisima, akaua kijiji kizima. Kijana alipozinduka na kuona moshi unapaa juu ya kijiji chake, alipiga yowe. Nimeirudia hiyo sehemu mara tatu. Hapo sikumwona adui wa hadithi. Nilimwona mtu aliyekuwa amebakiza hatua moja afike nyumbani.

Anamuua yule mama. Jacob kwa hasira anamburuta pacha wake na kumtupa kwenye pango la Nuru, na kinachotoka ni moshi mweusi.

Nitamalizia na Eko. Nipeni muda kidogo.

*

Hii ndiyo ya mwisho ya nadharia.

Nilisema tulitazama kwa DVD ya kuchoma. Diski ya sizoni ya tatu ilikuwa na mkwaruzo, alama nyembamba kama unywele kutoka katikati mpaka pembeni. Ilipofika episodi ya tano, Eko yuko kwenye uwanda wa maua mekundu, Yemi yuko mbele yake, picha ikaganda. Kaka akaitoa, akaifuta kwa ncha ya kanga ya mama, taratibu, kutoka katikati kwenda nje, akaipulizia, akairudisha. Ikaganda tena pale pale. Mara ya tatu ikaruka. Tukamwona Eko tayari yuko chini, moshi umeshampigiza kwenye miti, Locke anamkimbilia. Tulilia kweli. Nilikuwa mtoto, lakini kaka hakuwa mtoto. Eko alikuwa mtu wetu. Mrefu, mweusi, mkimya, na rungu lake alilolichonga mistari ya Biblia. Hata jina lake lilikuwa la nyumbani, Eko ndilo Wayoruba wanavyoiita Lagos. Adewale Akinnuoye-Agbaje aliomba mwenyewe kutoka kwenye tamthilia, hilo nimekuja kulijua ukubwani, lakini siku ile tuliona tu kwamba wametunyang'anya.

Kwa hiyo kwa miaka mingi sikujua kilichosemwa kwenye ile nafasi iliyoruka. Nilipoitazama mara ya pili, kwenye nakala nzuri, ndipo nikasikia.

Yemi, ambaye sasa tunajua si Yemi bali ni moshi, anataka Eko aungame. Eko anapiga magoti lakini haombi msamaha. Anasema hakutenda dhambi, alifanya alichopaswa kufanya ili aishi. Utotoni waasi walivamia kijiji, wakamshikisha Yemi bastola amuue mzee mmoja. Yemi, mtoto mdogo, analia, hawezi. Eko akamnyang'anya bastola akampiga yule mzee yeye, ili mdogo wake asiue. Waasi wakamchukua Eko, wakamvua msalaba wakautupa, na Yemi akabaki na roho safi mpaka akawa padri. Eko anasema yote yaliyofuata yalitokana na hilo, na hajutii. Ndipo yule mwenye sura ya Yemi anamwambia: unasema nami kana kwamba mimi ni ndugu yako.

Mara ya kwanza niliyoisikia niliona ni njia tu ya kutuonesha huyu si Yemi. Mara hii ya nne, nikishajua habari za Jacob, iliniingia tofauti.

Anayesema maneno yale ana ndugu. Ana pacha aliyemtupa gizani kwa mikono yake mwenyewe. Na mbele yake amepiga magoti mtu ambaye alijitupa gizani mwenyewe ili mdogo wake asiguswe. Eko ni kinyume cha Jacob. Ni kaka ambaye yule wa nguo nyeusi hakumpata.

Rudini sizoni ya pili muone walipokutana mara ya kwanza. Moshi unamjia Eko, unasimama mbele ya uso wake, na ndani ya moshi zinamulika picha za maisha yake. Eko hakimbii. Na moshi unarudi nyuma, unaondoka. Wote walioona walidhani ulimwogopa kwa sababu ni mtu wa Mungu. Mimi nasema ulimsoma, ukaona alichomfanyia Yemi, na ukashindwa kujua umfanye nini. Ukaenda kukaa na jambo hilo. Uliporudi ukiwa na sura ya Yemi, ulitaka kusikia Eko akijuta. Angejuta, maana yake hata yeye aliona kumwokoa ndugu ni kosa, na hapo moshi ungepumua, kwamba hakuna kaka wa hivyo duniani. Eko hakujuta. Ukamuua.

Ndiyo nadharia yangu. Kindege kiliingia dirisha lililofunguka Afrika, kikamleta Yemi. Yemi akamleta Eko. Na Eko alimsimamia yule mtu wa Karthago na jibu ambalo hakuweza kulivumilia.

Mnaopinga karibuni, lakini nendeni kwanza mkaangalie ile sehemu ya maua, sizoni ya tatu, episodi ya tano. Msitazame Eko. Tazameni uso wa "Yemi" kabla hajageuka kuondoka.

*

Nyongeza ndogo, halafu nawaachia uwanja.

Kaka yuko Maskati, huu ni mwaka wa tisa. Nilimtumia uzi huu jana. Amenipigia leo baada ya swala ya Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Kwa Karthago hakubaliani, anasema Claudia angeweza kutoka bandari yoyote ya Warumi na mimi nimeipenda Tunisia kwa sababu ya dubu. Tumebishana nusu saa. Kwa Eko alinyamaza. Kisha akaniuliza, kwani pale diski iliporuka walikuwa wanasema hayo?

Hajawahi kuisikia mpaka leo. Ile diski ndiyo aliyoitazama, na hakurudia.

Ijumaa ijayo tunaianza upya toka mwanzo, yeye kule mimi huku, tukiwa kwenye simu. Tumekubaliana saa nne usiku kwa saa za Dar, kwake saa tano. Mwenye nakala safi yenye maandishi chini anijulishe, kaka siku hizi haisikii vizuri Kiingereza cha Sawyer.